Ishirini na Tano Ambayo Hakuna Aliyeiona

Kwanza niliisikia sauti: kioo kikigusa kioo, ting, kimya, ting. Macho nilikuwa bado nimeyafumba. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, maana paa liliendelea kudondosha, na katikati ya matone yale sauti ya kioo ilipenya, nyembamba, yenye subira. Nikadhani jirani wana msiba na watu wanaosha glasi. Nilipotoka kibarazani nikamkuta dada yangu amechuchumaa mbele ya beseni, kanga imefungwa kifuani, anaosha bureti.

Dada yangu ni mwalimu wa kemia katika shule ya kata iliyo karibu na ufukwe, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Bureti ni mirija mirefu ya kioo yenye koki chini na mistari ya kupimia ubavuni, na zile chache za shule zililala nyumbani kwetu, ndani ya katoni ya sabuni, zimeviringishwa vitenge vikuukuu. Maabara ya shule ilikuwa na dirisha lisilo na kioo, na masika ya Kyela hayabishi hodi.

Nilikuwa nimekuja kukaa naye msimu ule, na mswada uliokataa kuisha. Badala ya kuandika nikawa nabeba katoni. Yeye alifundisha kemia, fizikia, na hesabu za kidato cha kwanza kwa sababu mwalimu wa hesabu alihama akasahaulika kuletewa mrithi. Jioni alirudi na chaki hadi kwenye nyusi, akavua viatu, akakaa akiviangalia kama vya mtu mwingine. Ukimuuliza vipi shule, alijibu, "Ipo." Hakuwahi kulalamika zaidi ya hapo. Mtu anayelalamika bado anategemea kusikika.

Asubuhi ile ya bureti ilikuwa ya maandalizi ya mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule za jirani hutunga pamoja na kubadilishana kusahihisha. Kidato cha tatu walikuwa wafanye kemia kwa vitendo, na safari hii mtihani ulikuwa na meno. Mkuu wa shule alikuwa ametangaza kwamba kabla ya usajili wa kidato cha nne, atakayeshindwa vitendo "atapumzishwa" kemia. Hilo ndilo neno alilotumia, kama vile kemia ni mzigo wa kuni. Ukweli ni kwamba wanafunzi wa sayansi walikuwa wakishusha wastani wa shule kila mwaka, na wastani ndio ulioitwa mezani mkuu alipokwenda kwenye vikao.

Kwa vitendo vile kulihitajika maji safi ya kuchanganyia tindikali na magadi. Kwa kawaida dada aliagiza maji ya betri kutoka mjini Kyela, kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Ndiyo maji pekee yaliyokuwa hayana kitu ndani yake ambayo shule iliweza kuyapata. Wiki ile barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko upande wa mashamba ya mpunga, na bodaboda aliyetumwa alirudi mikono mitupu, suruali ikiwa na tope hadi mapajani.

"Kwani madam, ziwa limekauka?" aliuliza kiranja wa darasa.

Kiranja alikuwa kijana mrefu, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni daima. Alijua jedwali la elementi kwa kulikariri huku akitembea kinyumenyume, na dada alimpenda jinsi mkulima anavyoupenda mche mmoja uliosimama baada ya upepo. Kila mtu alisema atakuwa daktari. Yeye mwenyewe hakusema, aliacha waseme.

"Maji ya ziwa letu ni meupe kuliko ya dukani," aliendelea. "Unasimama yamekufika kifuani na bado unahesabu kucha zako."

"Nyumbani tunayanywa hivyo hivyo," aliongeza msichana mmoja kutoka nyuma.

"Wewe nyamaza, ninyi Ikombe mnakunywa hata udongo," kiranja alimgeukia.

Darasa likacheka. Msichana naye akacheka. Kwao ni Ikombe, kijiji cha wafinyanzi ambako hufiki ila kwa mtumbwi, na mama yake alikuwa mfinyanzi. Alipanga chumba karibu na shule pamoja na wenzake wawili, wakipika kwa zamu, na wenzake walimwita Mfinyanzi. Akikosea swali walimwimbia, "Mfinyanzi hulia gaeni," naye alijibu, "Afadhali gae la kwetu kuliko sahani ya kuazima." Hakuwa mwanafunzi mwepesi. Hesabu zilimtoa jasho na Kiingereza cha mitihani kilimfikia kikiwa kimechoka, baada ya kupita kwenye Kiswahili na Kikisi, lugha ya kwao. Lakini alikuwa na jambo lake. Zahanati ya kule haikuwa na mtu wa maabara, damu ya mgonjwa ilisafirishwa kwa mtumbwi, na majibu yalirudi mgonjwa akiwa amepona au amezikwa. Yeye alitaka kuwa yule mtu anayeinama kwenye darubini. Chuo cha afya hakimchukui asiye na kemia. Hiyo ndiyo njia yake yote, ilikuwa nyembamba hivyo.

Basi wakaenda ziwani na ndoo. Sote tuliyaona maji yaliporudi, yametulia, meupe, hadi unaona mkwaruzo ulio chini ya ndoo. Dada alichota kwa kiganja, akatazama, akasema, "Haya." Nani angeyatilia shaka? Watu wa hapa tunalisifia ziwa lile kama mtu anavyosifia ng'ombe wa baba yake. Kuyauliza maji yale yana nini ndani ingekuwa kama kuuliza unga wa mama.

Siku ya mtihani nilibeba katoni hadi mlangoni nikaenda kukaa ofisi ya walimu. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kudondosha tindikali kutoka kwenye bureti hadi kimiminika cha njano chini yake kigeuke rangi ya chungwa, kisha kusoma kwenye mistari ni mililita ngapi zimetumika. Mwalimu naye hupima siku hiyo hiyo na kutuma kipimo chake, na wasahihishaji hulinganisha majibu ya wanafunzi na lile la mwalimu. Aliyekaribia anapata. Aliyekuwa mbali anakosa, hata awe na sababu gani.

Katikati ya mtihani dada aliingia ofisini mbio. Koki moja ilikuwa inavuja, mwanafunzi mmoja alikuwa amevunja pipeti, kile kijirija cha kunyonyea kipimo, akalia, na wa zamu ya pili walikuwa wakigombana kwenye foleni nje. Alichukua kalamu, akaandika akiwa amesimama: ishirini na tano.

"Umeshapima?" nilimuuliza.

"Saa ngapi, mdogo wangu?" Alikuwa tayari anageuka. "Nimechanganya mwenyewe. Kwa hesabu ni ishirini na tano. Kila mwaka huwa ishirini na tano."

Akatoka. Sikuliona kuwa jambo. Mtu aliyepika wali miaka mingi hapimi maji kwa kikombe.

Majibu yaliporudi, mkuu wa shule alisoma mstarini majina ya watakaopumzishwa. Yalikuwa machache, ya wale ambao walishusha pumzi kwa furaha. Kisha akalisoma la msichana wa Ikombe. Kiranja alikuwa amepata alama zote za upimaji, na karibu darasa zima pamoja naye. Msichana alikuwa amepata sifuri.

Jumamosi alikuja nyumbani. Tulikuwa tunaanua kokoa ya mwenye nyumba kutoka kwenye mikeka, wingu likiwa limeshasimama juu ya milima. Alipiga goti kidogo, akasalimia shikamoo mara mbili, yangu na ya dada, kisha akatoa koti jeupe la maabara, limefuliwa na kupigwa pasi, na kitabu cha kemia juu yake.

"Nimeleta vitu vyenu, madam. Ndaga fijo." Asante sana, kwa Kinyakyusa, lugha ambayo hata kwake ilikuwa ya kujifunza. Aliichagua, nadhani, kwa sababu ndiyo lugha dada aliyoaga nayo watu.

"Weka hapo," alisema dada bila kumtazama.

Hakuondoka. "Madam, naomba kitu kimoja. Nionyeshwe nilipokosea. Sio nirudishwe. Nione tu."

"Uliandika ngapi?"

"Ishirini na sita na kidogo. Mara zote tatu."

"Uliacha matone yakapita."

"Sikuyaacha, madam. Niliangalia mpaka macho yakauma."

Dada aliitazama mikeka, akalitazama wingu, akanitazama mimi. Najua alichokitafuta usoni mwangu: mtu wa kumwambia kaa, umechoka. Mimi nikakunja mkeka. Akaingia ndani kuchukua ufunguo.

Maabara ilinuka popo na madaftari yaliyolowa. Vimiminika vya siku ya mtihani vilikuwa bado kwenye chupa. Msichana alivaa tena lile koti aliloliaga, akajaza bureti, akafungua koki. Dada alisimama kando akiwa amekunja mikono. Njano ikabaki njano. Ilipita ishirini na tano, bado njano. Tone, tone, tone, na mara rangi ya chungwa ikaenea chini kama jua linavyoingia ndani ya chumba. Msichana aliinama jicho likawa sawa na mstari. Akasogea ili dada asome mwenyewe.

Dada alisoma. Akajaza upya kwa mkono wake, akarudia. Akarudia tena. Kisha akaketi kwenye stuli, akachukua ndoo ya maji ya ziwa iliyobaki pale, akamimina maji matupu kwenye chupa ya kioo, akatia dawa ya rangi, akaanza kudondosha tindikali. Maji matupu hayakupaswa kuidai. Lakini yaliimeza, tone baada ya tone, kama ardhi kavu, na ndipo yakabadilika rangi. Mvua ilikuwa imeanza, akanituma nikinge maji yake chini ya bati. Yale yalibadilika kwa tone la kwanza.

"Maji," alisema. "Yana chumvichumvi zake. Yanakula tindikali."

"Kwa hiyo sikukosea?" aliuliza msichana.

"Hukukosea."

"Na wenzangu walionaje ishirini na tano?"

Dada alifunga koki. Msichana akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa mkono wa koti. "Waliniambia, madam. Kiranja alisema, 'We Mfinyanzi, jibu huwa ishirini na tano, anzia hapo urudi nyuma, upike namba zako zifanane.' Wote wanajua kupika. Mimi kurudi nyuma kunanishinda. Ningejua ningepika."

Hilo ndilo lililomchoma dada yangu. Angeweza kustahimili mtoto mwaminifu. Huyu alikuwa mtoto aliyeandika alichokiona kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuandika kingine, na kwa ajili hiyo alikuwa amefelishwa na mwalimu ambaye hakuangalia kabisa.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa shule. Ofisi yake na ya walimu zilitenganishwa kwa ubao mwembamba, na nilikuwa nimeleta katoni, hivyo nilisikia kila kitu.

"Mwalimu," mkuu alisema baada ya kumsikiliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta dawa ya kichwa kwenye droo, "mtoto huyu namrudisha leo hii. Nafuta jina, kwisha. Usiamshe waliolala."

"Na hao wengine, mkuu?"

"Wamefaulu."

"Wamefaulu kuandika nilichoandika mimi."

"Ndiko kufaulu kwenyewe huko. Kwani wewe ulifaulu vipi?"

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kufundisha fizikia kwa miaka mingi bila hata sumaku moja, na nilimsikia akiongeza, kwa upole, "Binti yangu, sote tumechoka. Chukua ushindi mdogo uende nao darasani."

Dada aliuchukua. Wakati wa mapumziko alimwita msichana chini ya upenu akamweleza kwamba jina lake limerudi. Msichana alishukuru, akageuka kwenda, akarudi.

"Madam, mwakani kwenye mtihani wenyewe. Niandike nitakachoona, au nijifunze kurudi nyuma?"

Aliuliza hivyo hivyo tu, kama mtu anayeuliza njia. Alitaka kujua ajiandae vipi. Kengele ikalia, watoto wakakimbia, na dada akabaki upenuni. Halafu akarudi kwa mkuu. Safari hii nilisikia sentensi moja tu, ya mkuu: "Haya, warudie wote, lakini sheria ni ile ile. Atakayeshindwa anapumzika, hata huyo mtoto wako, hata kiranja wako. Nisisikie machozi."

Tulikinga mvua kwenye mapipa ya shule, na Kyela haikutunyima. Siku ya kurudia, dada alisimama mbele ya darasa akawaambia, "Mtihani uliopita mimi sikupima. Niliandika namba kutoka kichwani. Leo nitapima hapa mbele yenu, na sijui itatoka ngapi. Vimiminika nimevibadilisha. Andikeni mnachokiona."

Mmoja wa nyuma alicheka peke yake. Nimewahi kuona watu wakiogopa mtihani mgumu. Sikuwahi kuona woga kama ule wa watu wasio na jibu la kuanzia. Walizishika bureti kama mtu anavyomshika mtoto wa mgeni. Wengi walipitiliza, vimiminika vikawa vyekundu kama juisi ya choya, wakamwaga, wakaanza upya. Msichana wa Ikombe alifanya polepole, akaharibu mara ya kwanza, akaapa kwa Kikisi, akarudia. Kipimo chake hakikuwa sawasawa na cha dada, lakini kilikuwa karibu vya kutosha. Alipoambiwa amebaki, aliketi chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye mguu wa meza, akafumba macho. Hakushangilia. Wenzake wengi walikuwa wamesimama pale bila kujua kama na wao wamebaki.

Wengine kadhaa walipona, wengine hapana. Kiranja alikuwa bado kwenye meza yake. Vipimo vyake vitatu vilitofautiana kama vya watu watatu. Dada alikwenda akasimama karibu naye, akamwelekeza namna ya kuweka jicho, na hapo ndipo tulipotambua: kijana yule hakuwahi kushika koki. Katika vikundi vya vitendo, tangu mwanzo, yeye alikuwa mwandishi. Wenzake walidondosha, yeye alipiga hesabu, na hesabu zake zilikuwa safi kiasi kwamba hakuna aliyewahi kumwambia ageuze kichwa atazame rangi. Hata dada hakumwambia.

"Nadharia yako iko juu," dada alimwambia kwa sauti ya chini. "Nitazungumza na mkuu. Mtu kama wewe haachi kemia kwa ajili ya koki."

"Sheria ilisema vitendo, madam."

"Nitakufundisha. Jumamosi, kila Jumamosi."

Kiranja alifunika kalamu zake, moja, kisha nyingine. "Mlitufundisha ishirini na tano," alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake, na ingekuwa afadhali ingekuwapo. "Mimi niliishika vizuri kuliko wote."

"Najua."

"Nitasoma historia, madam. Historia haina maji."

Mtu mmoja alicheka kwa mazoea, maana kiranja alipozungumza watu walicheka. Msichana wa Ikombe aliinuka kutoka sakafuni. "Kaka, kaa," alisema. "Mimi nitakushikia koki mpaka mkono wako uzoee. Si kitu. Ni kuangalia tu."

Kiranja alimtazama kana kwamba amemtupia kitu mbele ya watu. Labda kwake ndivyo ilivyokuwa. Akavua koti jeupe, akalikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, akaliweka kwenye meza kando ya bureti ambayo bado ilikuwa inadondosha. Dada alinyoosha mkono kufunga koki ile, na kwa kitambo nikadhani anaunyoosha kumshika bega.

Kiranja alituinamishia kichwa, mwenye adabu hadi mwisho, akapita katikati ya meza, akatoka, akaufunga mlango taratibu nyuma yake.